Meza ya Kwanza pale Kashikishi

Jumatatu, 14 Oktoba 1974

Mutu mwenye bahati angefurahi leo. Mimi nilikaa kwanza, nikafikiri.

Davison, afisa wa vijana wa wilaya, alikuja sokoni Kashikishi na kipaza sauti. Alitangaza kwamba Alhamisi ya wiki ijayo, Sikukuu ya Uhuru, kutakuwa na mashindano ya matope kule Nchelenge, kando ya ziwa. Matope! Timu za watu watatu. Kupanda ukuta wa mbao. Kutambaa chini ya nyavu. Kuvuka shimo la tope. Kubeba gunia la muchanga mpaka majini. Davison alijifunza mambo haya katika kambi ya vijana. Kutoka kule alirudi na filimbi, buti, na hamu ya kuona wengine wakiteseka.

Nilikuwa nimeanza kuondoka. Ndipo akataja zawadi: meza ya kwanza ya soko jipya. Ya simenti. Chini ya mabati. Karibu kabisa na pale mitumbwi inapofikia!

Lazima niandike hapa ninapouzia mimi. Mwisho kabisa, nyuma ya choo, chini ya plastiki yenye matundu. Mvua za mwaka jana chisense yangu yote iliota kuvu. Samaki wadogo wale wa kukausha, wakinyeshewa mara moja tu, hata bata hawataki. Na mvua iko njiani tena.

Na Evariste, je? Evariste anauza karibu na mashine ya kusaga, pahali pakavu. Evariste ambaye mimi mwenyewe nilimuleta kutoka Kilwa ya kwetu Zaire, ng'ambo ya ziwa! Nikamuonyesha bei. Nikamuonyesha wateja. Leo wateja hao wanapita mbele yangu wakienda kwake, wameshika pua. Naye kila asubuhi ananiamkia kwa adabu: yaya Valère, umeamka muzuri? Yaya, kama kaka yake mukubwa. Adabu hiyo inaniuma kuliko tusi.

Jioni nilisikia amejiandikisha. Basi. Na mimi.

Jumatano, 16 Oktoba

Shida ya kwanza. Sisi watu wa Zaire hatukubaliwi kuwa shefu, yaani kiongozi, wa timu. Shefu awe Muzambia. Ushuru wa soko wanaupokea kutoka mukono wangu bila kuuliza nilizaliwa wapi, lakini mukono huo ukitaka kuingia matopeni, ni wa mugeni. Kule kwetu nako serikali imekataza majina ya ubatizo. Nikivuka ziwa niko raia mwenye jina la babu. Nikirudi hapa niko Valère. Majina mawili, bahati hakuna.

Nimemupata Fanwell. Muvuvi wa Kabuta, mabega mapana, moyo mwepesi. Febby muke wake anauza samaki wao chini, juu ya muchanga, juani, mutoto mugongoni. Fanwell aliniuliza: tukishinda, Febby naye atapata pa kukaa kwenye meza ile? Nilimuahidi nusu. Alinishika mukono kwa mikono yake miwili, akarudilia natotela, natotela, ndiyo asante ya Kibemba. Masikini. Simenti haikatwi nusu. Nitamuelezea kisha.

Mutu wa tatu ni Mwenze, ndugu ya muke wangu. Si kwa kupenda kwangu. Emilienne alisema kama ndugu yake haingii, nijipikie. Mwenze anakula bukari, ugali wetu, ya watu wawili na kulala usingizi wa watu watatu.

Mazoezi ya kwanza. Nilisimama juu ya ukingo wa tope na filimbi, maana timu inahitaji akili pia. Fanwell alibeba gunia kama muto wa kulalia. Mwenze aliingia chini ya wavu akabaki humo. Ilibidi tumutoe kidole kwa kidole, kama samaki. Kisha wote wawili wakaniuliza mbona mimi niko mukavu. Nikasema kiongozi huona vizuri akiwa juu. Fanwell akaniinua kiunoni, akanitia ndani. Huku anacheka! Alidhani tunacheza.

Matope yalinifika kwenye meno. Nimeyasugua kwa majivu, ladha bado iko.

Jumamosi, 19 Oktoba

Akili hushinda nguvu. Leo nilikwenda kupeleleza timu ya Evariste. Wanafanya mazoezi kwenye kinamasi, nyuma ya matete. Nilijipenyeza ndani ya matete, nikachuchumaa, nikaangalia.

Niliyoyaona yalinikata maini. Wanapita topeni kama bata. Mumoja akiyumba, wawili wanamushika kabla hajaanguka. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna anayelaumu. Wanaimba! Wimbo wa kanisani, sauti zote tatu!

Nilitaka kuondoka. Miguu ikakataa. Tope la matete linameza polepole, kama muzee asiye na meno. Magoti. Mapaja. Kiuno. Nikaamua kunyamaza, afadhali nife kuliko kuita. Kisha kitu kikatembea karibu na paja langu, chini ya maji.

Niliita.

Nani alikuja? Nani mwingine! Alilala tumbo chini juu ya matete, akanikamata makwapani, akanivuta. Hakuniuliza nilikuwa natafuta nini kule. Alisema tu, "Yaya, hapa ni pabaya, kuna ruba." Akanibandua ruba mugongoni, mumoja mumoja, akanivika shati lake mwenyewe. Akarudi kwa wenzake akiwa kifua wazi, wakaendelea kuimba.

Angenicheka, ningemusamehe.

Emilienne amelifua shati lile, akalipiga pasi ya makaa mpaka kola na mikono. Yangu huyapiga mbele tu, pale panapoonekana.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa Davison alipanga njia. Timu zilizojiandikisha ni tatu tu: yetu, ya Evariste, na ya walimu wa shule. Wengine wamesema Uhuru si sababu ya kujipaka udongo. Siku yenyewe shimo la tope litagawanywa kwa kamba, kila timu na njia yake. Tulivuta vijiti. Sisi kushoto. Walimu katikati. Evariste kuume. Nilijirudilia njia nzima ya kwenda nyumbani: kushoto sisi, kuume yeye.

Walimu si kitu. Mumoja ana miwani, mumoja ana kitambi, na wa tatu anafundisha hesabu.

Kisha Davison aliuliza nani atamusaidia kuchimba shimo Jumanne. Kila mutu alitazama viatu vyake, na asiyekuwa na viatu alitazama miguu.

Nilinyoosha mukono.

Watu waligeuka. Emilienne aliniangalia kama mutu aliyesikia mbuzi akisalimia. Evariste alinipa pongezi mbele ya kanisa lote, akasema mimi ni mufano kwa wageni wote wa hapa. Nilinamisha kichwa. Sema, ndugu. Sema tu.

Jumanne, 22 Oktoba

Imekwisha! Viganja vyote malengelenge, mugongo umekatika, lakini moyo ni mutamu kama muwa.

Nilichimba tangu asubuhi pamoja na Davison. Alipokwenda kutafuta mapipa ya maji, nilibaki peke yangu. Nikageukia barabara, ili mutu akitokea nimuone. Hapo, kwenye mukono wangu wa kuume, nilichimba shimo ndani ya shimo. Jembamba, refu mpaka kiunoni, kama kisima cha mutoto. Nilijiambia atakayeingia hataumia. Atakwama. Timu lazima ifike nzima; mumoja akikwama, wote wamekwama. Si dhambi kumuchelewesha mutu. Serikali hutuchelewesha kila siku.

Davison akarudi na vijana na mapipa. Wakamwaga maji ya ziwa, wakakoroga kwa miguu wakiwa pembeni tu, na kila kitu kikawa uji wa kahawia. Ungeweza kuficha kiboko humo.

Davison alinishukuru. Alisema kama kila mugeni angekuwa na moyo wangu, wilaya ingeendelea. Nilikubaliana naye.

Nimefika nyumbani nikaona sina jembe. Si neno.

Alhamisi, 24 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa. Bendera, ngoma, wakubwa wa wilaya chini ya hema. Febby alikuwa mbele kabisa, mutoto mugongoni, amevaa kitenge kipya cha sikukuu, anaimba jina la bwana wake.

Filimbi! Ukuta: Fanwell alinirusha upande wa pili kama muzigo wa chisense, akamurusha Mwenze juu yangu. Nyavu: Mwenze alipita! Muujiza wa kwanza wa siku. Walimu wako nyuma, yule wa miwani anatafuta miwani. Evariste na sisi, bega kwa bega. Nilikuwa nakimbia huku nacheka. Kila mutu aliniona nikicheka. Walidhani ni furaha ya Uhuru.

Tukafika kwenye ukingo wa shimo. Kamba zimefungwa. Sisi kushoto, yeye kuume. Na mbele yangu, ziwa. Ziwa lote, linang'aa.

Ziwa? Siku ya kuchimba ziwa lilikuwa mugongoni kwangu.

Mutu akigeuka, mukono wake wa kuume unageuka naye. Mutoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi nilijua pale pale, nimesimama kwenye njia yetu ya kushoto, na Fanwell amekwisha kuruka.

Niliita jina lake. Nilichelewa. Aliingia kwa nguvu zake zote, zile zile zilizonifanya nimuchague. Muguu mumoja ndani ya kisima changu, mwili unaendelea mbele. Sauti ya mufupa niliisikia. Watu hawakuisikia, walikuwa wanacheka. Walidhani ni sehemu ya muchezo. Mukubwa mumoja chini ya hema alipiga makofi. Ngoma iliendelea.

Febby ndiye wa kwanza kunyamaza.

Mwenze, mutu wa kulala, aliruka ndani. Na Evariste. Alikuwa karibu kutokea ng'ambo ya shimo, njia yake sawasawa kama meza, hakuna shimo, hakuna kitu, ushindi uko mukononi. Akageuka. Timu yake yote ikageuka. Walipita chini ya kamba, wakazama mpaka shingoni, wakamuchimbua Fanwell kwa vidole.

Mimi nilikuwa bado kwenye ukingo. Nilikuwa safi kuliko wote.

Walimu walipita katikati, polepole, suruali zimekunjwa, wakafika majini na gunia lao. Hawakujua hata kama kuna mutu ameumia. Wameshinda.

Walimu!

Ijumaa, 25 Oktoba

Hospitalini. Muguu umevunjika pahali pawili. Daktari amesema Fanwell hatakanyaga mutumbwi mpaka mvua zote ziishe. Bwalya, mudogo wake, ndiye aliyemubeba mugongoni kutoka ziwani mpaka kitandani, wala hakupumzika njiani.

Nilikwenda mikono mitupu. Sikujua mutu analeta nini pahali kama pale. Fanwell midomo ilikuwa imekauka. Aliponiona alijaribu kuketi. Akasema katika Kiswahili chake cha biashara, na ba ile yao ya heshima, "Ba Valère, nilisikia weye unaniita. Bote balikuwa banacheka. Ni weye tu uliona."

Febby akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi polepole, kama wanavyoshukuru wao.

Ningeweza kusema kitu. Kinywa kilifunguka kabisa. Nikasema Mungu ni mwema.

Nilipotoka nje nilikuwa na hasira. Kwa nini Davison hakupima shimo lake? Kazi ya serikali, bila kipimo! Na kwa nini Fanwell aruke kama swala? Mutu aliyezaliwa ziwani hupapasa kwanza kwa muguu. Kila mutu anajua. Sasa nimepoteza meza, na bado wananipigia magoti. Hakuna mutu anayefikiri jinsi jambo hilo linavyochosha.

Jumapili, 27 Oktoba

Jana Davison alikuja nyumbani. Na jembe langu. Walimwaga maji ya shimo wakalikuta limesimama ndani ya kile kisima. Hakushuku kitu. Alisema nilijitolea kazi mpaka nikasahau mali yangu, na kwamba udongo wa kando ya ziwa hutitia ovyo. Nilimukubalia. Hutitia ovyo sana.

Aliyepokea jembe ni Emilienne. Alilitazama. Alinitazama. Alilitazama tena. Huyu ni mwanamuke anayeuliza bei ya kiberiti kwenye maduka yote kabla ya kununua, na jana hakuuliza neno. Alilisimamisha nyuma ya mulango, akafunga nguo zake ndani ya kitenge, akasema anakwenda kumusaidia Febby.

Nilimuuliza mpaka lini.

"Mpaka siku utakuja kubaambia," akasema.

Nilimuuliza niwaambie nini. Alikwisha kwenda.

Leo kanisani Evariste alipitisha kikapu kwa ajili ya nyumba ya Fanwell. Unga, samaki, muhogo. Nilitia konzi ya chisense, polepole, nikiinua mukono juu ili walio nyuma waone. Mwenze alinitazama kwa macho ya dada yake. Hata Mwenze! Mutu niliyemulisha!

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua imefika. Plastiki imepasuka katikati na kunimwagia yote kwa pamoja. Nusu ya chisense imelowa. Niliisambaza juu ya mawe. Mawe nayo yamelowa.

Kwenye meza ya kwanza, chini ya mabati, wake wa walimu wanauza vitumbua. Vitumbua! Meza nzuri kuliko zote za samaki kandokando ya ziwa Mweru, na juu yake kuna sufuria ya mafuta na daftari za shule. Yule wa hesabu mwenyewe alikuwa pale saa ya mapumziko, mukavu, anatafuna.

Evariste alikuja mvuani. Aliniambia nihamie kwake, pale karibu na mashine ya kusaga, tugawane mahali mpaka mvua iishe. Alisema bila mimi asingekuwa na mahali hapa hata pa kusimama. Alikuwa anasema kweli, ndiyo sababu nimekataa. Anataka watu wamuone akinipa kwa mukono wake kile nilichomupa mimi.

Bukari niliyoipika mwenyewe ina mabonge kama barabara ya Kabuta. Mwenze naye amehamia kwa Fanwell. Anakata kuni kule, nimeambiwa. Mwenze! Kuni!

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimekwenda kwa Fanwell. Nilibeba sukari, pakiti nzima, haijafunguliwa.

Walikuwa wote uani. Fanwell juu ya mukeka, muguu ndani ya plasta. Febby ananyonyesha. Evariste, bila shaka, juu ya paa, anaziba tundu linalovuja. Bwalya anashona nyavu. Emilienne anatwanga muhogo.

Emilienne aliiona sukari. Akaacha muchi ndani ya kinu. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa zamani, ule wa Kilwa, wakati nilipokuwa ninakwenda kwao kumuposa, na baba yake anajifanya hanioni. Aliingia ndani, akaniletea kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kitenge chake. Akawageukia wengine.

"Munyamaze. Valère iko na neno."

Evariste akashuka kutoka juu ya paa. Hata mutoto aliacha ziwa la mama yake akanitazama. Fanwell aliniitikia kwa kichwa, kama kusema, sema, rafiki yangu, hapa ni kwako.

Na kweli nilikuwa na neno. Asubuhi hii Davison ametangaza mashindano ya mitumbwi ya Krismasi. Watu wawili kwa mutumbwi mumoja. Zawadi ni wavu mupya wa nailoni, haujaguswa na maji. Na tangu niliposikia, nilikuwa nawaza kijana aliyemubeba kaka yake njia nzima bila kupumzika.

Nilimuuliza Bwalya kama anajua kupiga kasia.

Emilienne alisimama pale kidogo. Kisha akarudi kwenye kinu chake, akaanza kutwanga. Alitwanga kwa nguvu hata ikabidi nirudilie swali. Bwalya alimutazama kaka yake. Fanwell akatabasamu, akamuambia akubali, ba Valère ni mutu wa kuangalia wenzake.

Amekubali! Mabega kama mulango wa kanisa. Evariste alipanda tena juu ya paa. Wivu, naujua. Lazima sasa nijue yeye atapiga kasia na nani, na mutumbwi wake anaufunga wapi.

Nilikuwa nimekaribia nyumbani nilipoona sukari bado iko kwapani kwangu. Sikurudi. Kijana wa mazoezi atahitaji chai.